Jibu: KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) wamejibu pingamizi langu nikiwa nimechoka kungoja

Ndugu, unasema uliwasilisha pingamizi la makadirio ya kodi ya mapato (kiasi ambacho KRA wanasema unadaiwa) Machi 3, na uamuzi wa kulikataa ukakufikia Mei 20. Hapo ndipo penye utamu wa kesi yako. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa Kamishna wa KRA siku 60 za kuamua tangu apokee pingamizi halali. Zikipita bila uamuzi, pingamizi linahesabika limekubaliwa. Kwa hesabu yangu ziliisha Mei 2.

Lakini kuna hilo neno "halali". Fungua barua pepe zako za Machi, hata zile zilizoangukia kwenye spamu. Kama KRA walikuandikia kwamba hukuambatanisha stakabadhi au hukulipa sehemu ya kodi usiyoipinga, watadai siku 60 hazikuwa zimeanza.

Usikae nyumbani ukijipongeza, tafadhali. Peleka notisi ya rufaa kwa Jopo la Rufaa za Ushuru kabla ya Juni 19, kisha hati zenyewe ndani ya siku 14 baada ya notisi. Ukichelewa, jopo linaweza kukuongezea muda kwa ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya maana. "Mhasibu wangu alisahau" ni sababu dhaifu.

Na ndiyo, jopo lina uwezo wa kupunguza makadirio, kuyafuta, kuyathibitisha au kuyarudisha kwa Kamishna. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, kwa hiyo beba risiti zote.