Mwanangu anachora nganya: ni sanaa au ni uhuni?

SWALI: Kijana wangu alimaliza Kidato cha Nne mwaka jana. Siku hizi hashikiki nyumbani. Anashinda gereji akipuliza rangi nganya, zile matatu za kurembwa, za Rongai na Umoja. Sura za wanasoka, wanamuziki wa Marekani, mafuvu yenye meno ya dhahabu! Baba yake anasema ni uhuni mtupu. Naona ana kipaji, ila sioni picha hizo zinamfaa nani.
Mama B., Umoja, Nairobi

JIBU: Mama B., pole kwa vuta nikuvute ya nyumbani. Mimi nilianzia mabango ya bucha na kinyozi, na mafuvu hayanifurahishi hata kidogo. Huchorwa na mtu aliyeishiwa na mawazo. Lakini nganya hupambwa ili vijana wapande, na tajiri, yaani mwenye gari, hulipa kwa hesabu hiyo. Ukitaka kujua vijana wa Eastlands wanamhusudu nani mwezi huu, simama stejini utazame migongo ya magari.

Ukuta ni habari nyingine, maana hauna tajiri wa kumpendeza. Mwaka 2012, uchaguzi ukikaribia, mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walichora karibu na City Market, Nairobi, mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, amejikalia kitini. Maandishi yalimfanya ajisifu kwamba anaiba kodi na kunyakua ardhi, na bado wajinga watampigia kura. Hapo aliyesutwa si mheshimiwa peke yake. Mpiga kura naye alipata lake, ndiyo maana picha ile iliuma.

Halafu 2020, mchoraji Allan Mwangi akachora sura ya George Floyd kule Kibera na kuandika HAKI. Floyd, Mmarekani mweusi, aliuliwa na polisi Minneapolis, lakini mpita njia wa Kibera hakuhitaji kuelezwa. Kafyu ya korona ilikuwa imeshatuonyesha polisi wetu wakiua watu mitaani.

Baba yake na aende gereji aone kazi ikifanywa. Mkebe ukisogezwa karibu na bati, mstari huwa mwembamba. Mkono ukikawia kidogo tu, rangi inachuruzika na kazi inarudiwa kwa hasara ya mchoraji. Huo uhuni uko wapi?

Mimi nahofia kifua chake. Rangi ya gari si ya kuvutwa pua wazi, na kitambaa hakitoshi. Anunue barakoa yenye vichujio. Tena adai malipo ya awali kabla ya kupiga msasa. Matajiri wa nganya huwa na maneno matamu sana kabla gari halijatoka.