Macho Yamemtoka, Basi Kaogopa? Maswali yenu kuhusu hofu katika picha za kale

Mara ya mwisho niliandika kwamba watu wengi wanaona hofu kwenye picha za zamani pasipo na hofu, na palipo nayo wanapita kama hawakuona. Barua zilizofuata zimenithibitishia. Nachagua chache. Waliouliza bei ya kamera kuukuu wasubiri mwisho.

Shikamoo mzee. Nina picha ya babu mzaa baba, ya miaka ya 1920. Macho yamemtoka pima kama aliyekutana na chui. Nani alimtisha? — Mjukuu, Korogwe

Marahaba. Swali hili nimelijibu mara tatu mwaka huu, na kila mara picha ni ileile: mzee kakaa kitini, viganja magotini, macho meupe pe katikati ya uso mweusi tii. Hakutishwa na mtu, mwanangu. Sahani za vioo za kupigia picha na filamu za zamani ziliiona vizuri rangi ya buluu, lakini nyekundu karibu haziioni kabisa. Ngozi ya kahawia ikatoka nyeusi kuliko ilivyokuwa, mikunjo ya uso ikamezwa na giza, ukabaki weupe wa macho unang'aa peke yake. Ukitoa kila kitu usoni ukaacha macho, hata bwana harusi ataonekana ameona jini. Wazungu wenye macho ya buluu walipata shida ya kinyume: mboni zilitoka nyeupe kama za maiti. Mbona wao hakuna anayeandika kwamba wameogopa?

Halafu kuna sisi wapiga picha. Kamera zilipoanza kuuzwa mwaka 1839 mtu alikaa dakika nzima au zaidi bila kutikisika, kisogo kimeegemezwa kwenye chuma chenye makucha mawili. Ilipokuja dawa ya kolodioni mwaka 1851, muda ukashuka hadi sekunde chache. Muda ulipungua, mazoea ya kuamrisha hayakupungua. Mimi mwenyewe nimefanya kazi studio, Tanga, enzi ambazo hakukuwa na sababu yoyote ya kumkaza mtu, na bado nilikuwa nasema: "Kaa wima, usipepese, usipumue." Kisha nashangaa wateja wangu wote wanafanana na watu wanaosomewa hukumu.

Je, kamera yenyewe inaweza kusababisha hofu tunayoiona? — Msomaji, Nakuru

Inaweza, na hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Jacob Riis, mwandishi wa habari wa New York, alianza mwishoni mwa miaka ya 1880 kuingia usiku kwenye vyumba vya mafukara akiwa na unga wa magnesi wa kutoa mwanga. Unawashwa, unalipuka, moshi unatanda, picha imepatikana. Watu walikuwa wamelala. Yule unayemwona kakodoa macho gizani haogopi umaskini wake, anaogopa mlipuko. Riis mwenyewe alikiri kwamba mara mbili aliwasha moto nyumba alizokuwa anapiga picha. Nia yake ilikuwa njema, alitaka serikali ione watu wanavyoishi, na kitabu chake cha 1890 kilisaidia. Lakini hofu ile aliingia nayo mlangoni.

Mwalimu wetu anasema Darwin alithibitisha kwa picha kwamba hofu ina sura moja kwa binadamu wote. Ni kweli? — Mwanafunzi wa sanaa, Dodoma

Muulize mwalimu wako kama amewahi kuona zile nyaya.

Picha ya hofu anayoizungumzia ni ya daktari wa Kifaransa, Duchenne wa Boulogne. Alichapisha kazi yake mwaka 1862. Alimchukua mzee mmoja kibogoyo ambaye uso wake ulikuwa umekufa ganzi, akambandika ncha za umeme shavuni, kwenye paji la uso na shingoni, akawa anachezesha msuli mmoja mmoja. Ukigusa huku mdomo unacheka, ukigusa kule nyusi zinapanda. Msuli mpana wa shingoni, ule unaovuta ngozi kuelekea chini, ndio alioupa kazi ya kuonyesha hofu. Akapiga picha. Kinywa wazi, macho wazi, shingo imekakamaa, na mzee wa watu hana habari. Hakuwa anaogopa chochote. Pengine alikuwa anawaza chakula cha mchana.

Darwin akaipenda. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, picha hiyo ilichorwa upya kwa kuchongwa kwenye ubao, na mchongaji akaondoa vyuma na mikono ya daktari. Ukaachwa uso mtupu. Darwin anasimulia kwamba aliwaonyesha watu 24 picha hiyo bila kuwaeleza kitu: 20 wakasema papo hapo ni hofu kali au kitisho, watatu wakasema maumivu, mmoja akasema ni mtu aliyekosa raha kabisa. Wengi wanausoma ushahidi huu kama ushindi. Mimi nausoma hivi: watu 20 kati ya 24 walimwona mtu asiyeogopa wakaapa kwamba anaogopa. Wale watatu wa maumivu angalau walikaribia umeme.

Sisemi Darwin alikuwa mjinga. Alikuwa makini kuliko wengi wanaomnukuu. Ninachosema ni kwamba picha inaonyesha misuli. Kujua kilichoisukuma lazima uende nje ya fremu, na hicho ndicho wavivu hawataki kufanya. Na ukikutana na picha ya kale ambayo kitu kimefutwa pembeni ya uso, jiulize kilichofutwa ni mkono wa nani.

Ni kweli wazee wetu waliikimbia kamera wakidhani inaiba roho? — Kijana wa Mtandaoni, Dar es Salaam

Kuna walioikimbia, na wengi walikuwa na sababu nyepesi kuliko hiyo: aliyekuja na kamera mara nyingi alikuja pia na askari, na kesho yake akaja wa kodi. Wewe usingekimbia?

Kuhusu kuibiwa roho, mfano maarufu kabisa haukutoka kijijini Afrika. Ni wa Balzac, mwandishi mkubwa wa riwaya wa Paris. Nadar, mpiga picha wa Paris, ameandika kwamba Balzac aliamini mwili wa mtu ni matabaka ya vivuli vilivyopangana kama maganda ya kitunguu, na kila picha inabandua ganda moja. Hata hivyo alikaa akapigwa, mwaka 1842. Huyo anaitwa mwanafikra. Bibi wa Handeni akisema hivyohivyo anaitwa mshamba.

Wapi nitauza picha za Wamasai za enzi ya Mjerumani? — Mfanyabiashara

Si kwangu.

Mzee wangu, kwenye picha ya pasi bibi yangu ameinamisha macho na midomo kaibana. Shangazi anasema aliogopa serikali. Wewe unaonaje? — Binti wa Mji wa Kale, Mombasa

Naona kwamba bibi yako aliona haya, binti yangu, na haya si hofu. Lugha yetu ina hofu, woga, fadhaa, kiwewe, kihoro, butwaa, taharuki. Ina kutahayari na kuona haya. Ni masikitiko kwamba sisi wenye maneno yote haya tukifika kwenye picha tunabakiwa na neno moja. Mwanamke aliyezoea buibui, anaambiwa ajifunue mbele ya mwanamume asiyemjua, ainue kidevu, aangalie lenzi. Anainamisha macho. Huo ni ustaarabu wake anaulinda kwa kile kidogo alichoachiwa.

Na haya nayo ina ndugu yake, ambaye ni hasira. Mwaka 1960, wakati wa vita vya Algeria, askari wa Kifaransa Marc Garanger aliamriwa na mkuu wake awapige wanavijiji picha za vitambulisho. Kwa siku kumi alipiga picha za watu wapatao 2,000, wengi wao wanawake walioamriwa waondoe shela zao. Zitafute uziangalie kwa utulivu. Kuna wanaoandika chini yake "wanawake waliojawa na hofu". Hofu gani! Wanamkazia macho yule askari kama watu wanaoweka deni kwenye daftari. Garanger mwenyewe baadaye alikiri kwamba yale macho yalikuwa ya kupinga, na akazichapisha ili dunia iyaone.

Shule yetu inataka kutumia picha ya watumwa waliokolewa kwenye jahazi kwa ajili ya maonyesho. Tuandike nini chini yake? — Mwalimu wa historia, Bagamoyo

Nadhani unazungumzia ile ya manowari ya Kiingereza iitwayo Daphne, ya Novemba 1868. Imehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, ndani ya majalada ya wizara ya mambo ya nje, maana ilikuwa ushahidi kabla ya kuwa pambo la mtu. Nahodha wa meli hiyo, George Sulivan, aliandika kitabu kuhusu kuyafukuza majahazi katika maji ya Zanzibar.

Usiandike "wakiwa na furaha ya kuokolewa", kama nilivyoona kwenye bango moja. Tazama miili. Vijana na watoto, wamekonda mno, wamekaa chini kwenye sitaha, wamebanana. Hakuna hata mmoja aliyetoa macho. Hofu ya mtu aliyeishi nayo majuma mengi haiko tena usoni. Imeshuka mabegani, kwenye magoti yaliyokunjwa, kwenye namna mmoja anavyomsogelea mwenzake. Wamehamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine chenye bunduki kubwa zaidi, chini ya watu wasiojua lugha yao. Na wengi waliokamatwa baharini enzi zile hawakurudishwa makwao. Walipelekwa Aden, Bombay, Ushelisheli na kwingineko.

Andika tarehe, jina la meli, na kwamba picha ilipigwa na upande uliowakamata wenye jahazi. Majina yao hatunayo, basi acha nafasi wazi, usiijaze kwa ushairi. Na tafadhali msiipeleke kwenye kadi za mwaliko wala fulana. Nimeshaziona fulana.

Kwa nini Nsala, kwenye picha ya Kongo, hana sura ya hofu wala kilio? — Msomaji, Lubumbashi

Kwa wasioijua: mwaka 1904, Baringa, katika Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, Nsala alikaa barazani kwa wamisionari akiwa ameuangalia mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya kuvuna utomvu wa mpira. Alice Seeley Harris akapiga picha. Ilionyeshwa kwa taa ya sinema mnato kwenye kumbi za Uingereza na Marekani, na ni kati ya vitu vilivyomng'oa Leopold kwenye Kongo mwaka 1908.

Hana hofu kwa sababu hakibaki kitu cha kumwogofya. Sitaongeza neno juu ya hapo.

Kuna programu ya simu inafanya picha za marehemu zitabasamu na kupepesa macho. Nimemfanyia mama, familia imelia kwa furaha. Una maoni? — Teknolojia Juu, Kampala

Mama ni wako na machozi ni yenu, siingii. Ila umeniuliza maoni.

Mwaka 2021 msanii mmoja wa Ireland alizitia rangi picha za wafungwa wa S-21, gereza la Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ambako utawala wa Khmer Rouge wa miaka ya 1970 uliwapiga picha watu kabla ya kuwaua. Zaidi ya watu 12,000 walipita pale. Picha zikachapishwa kwenye jarida kubwa la mtandaoni, na baadhi ya wale wafungwa walikuwa wanatabasamu. Picha asilia hazikuwa na tabasamu, lilitiwa baadaye. Serikali ya Kambodia na jamaa za waliouawa wakapaza sauti, jarida likaziondoa. Watu wale walinyang'anywa kila kitu, ikabaki ile sura ya dakika moja mbele ya kamera, na mtu kwenye kompyuta yake akaona hiyo nayo irekebishwe.

Programu yako haijui tofauti ya mama yako na mfungwa wa S-21. Inajua midomo. Basi kama umeshafanya, weka nakala asilia mahali pake, na kwenye ile inayopepesa andika wazi kwamba imetengenezwa. Baada ya miaka thelathini wajukuu wataikuta bila maelezo, watasema bibi alikuwa mcheshi, kumbe siku ile alikuwa ametoka msibani na ndiyo maana alipigwa picha.

Nitaziandikaje nyuma? — Wengi

Penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino unapenya, gundi ya karatasi inaoza, na nailoni ya kubana kwa moto ndiyo mwisho wa picha. Andika nani, wapi, lini, na nani aliyeshika kamera. La mwisho ndilo mnaloliacha kila mara.

Kamera ya Yashica ya marehemu baba, bei gani? — Wale tisa

Haiuzwi. Nunueni mkanda, mpige.