Pesto ya vikonyo vya kitunguu saumu hapa Uganda: acha kuzunguka sokoni, tafuta ndoo

Dada uliyeuliza utapata wapi Kampala vikonyo vya kitunguu saumu, yaani mabua yake ya ua, ili utengeneze ile pesto, mchuzi mzito wa kijani wa majani ya kupondwa na mafuta, uliyoiona kwenye simu, pole. Mimi nilivitafuta karibu miezi mitatu. Nakasero nilizunguka, Kalerwe nikazunguka, Owino nikaishia kununua sufuria. Kila muuzaji niliyemweleza habari ya "lile bua refu linalojikunja kama mkia wa kinyonga" alinipa majani ya kitunguu maji. Mmoja alinipa tangawizi, nadhani alikuwa amechoka tu kunisikiliza.

Wauzaji hawana kosa. Kitunguu saumu kiko cha shingo ngumu na cha shingo laini. Kile cha shingo ngumu ndicho kinachotoa bua la ua katikati ya majani, na hakilitoi hivi hivi: kinataka kwanza kipigwe baridi wiki kadhaa kikiwa udongoni, kisha siku zirefuke. Wenzetu wa kaskazini wanapanda mwezi wa 10, theluji inakilalia, halafu mwezi wa 6, jua linapochwa saa mbili usiku, vikonyo vinachomoza. Sisi tumekaa ikweta. Mchana wetu Januari ni saa 12, na Juni ni saa 12 zile zile. Hata Kabale na Kapchorwa, ambako jioni hutoki bila sweta, baridi ipo lakini siku hazirefuki.

Vyenyewe nilivila nilipokuwa Waltham, mji wa karibu na Boston kule Marekani wenye Waganda wengi kiasi kwamba hata matoke hukosi. Wakulima walikuwa wanaleta sokoni mafungu ya vikonyo mwezi wa Juni. Huvikata vikishajikunja mara moja, kwa sababu kikonyo kikiachwa kinakula nguvu ambayo ingenenepesha kitunguu chini. Ladha yake ni saumu iliyofundwa: harufu ile ile, ukali umepungua, na kwa mbali kama maharage mabichi. Pesto yangu ya kwanza nilivisaga vyote mpaka kile kichwa cha ua na ncha yake. Tulikula huku tunachokoa meno. Kwa hiyo siku ukivipata, kata kuanzia kwenye kichwa cha ua kwenda juu utupe, na ukikunja bua lisikatike kwa urahisi, hilo limeshakuwa kuni.

Huku nyumbani ninatumia majani machanga ya saumu yenyewe, na kusema kweli sasa sivitamani tena vile vikonyo vya Waltham. Chukua vile vitunguu saumu vilivyosahaulika jikoni vikaanza kuota. Tenganisha punje bila kumenya, zichomeke ncha juu kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, yenye udongo na samadi iliyooza vizuri. Zifunike udongo wa nusu kidole tu. Mimi nina ndoo tatu, kila moja punje 20 hivi, zimesongamana kama abiria wa teksi ya kwenda Mbale, kwa sababu sitaki kitunguu, nataka majani. Wiki ya nne au ya tano yanapita shubiri moja. Kata ukiacha vidole viwili juu ya udongo. Yatachipua tena, ila mavuno ya pili huwa membamba.

Sasa jikoni. Majani gramu 150 hivi, yaani kiasi cha kujaza mikono miwili. Theluthi moja weka pembeni mabichi. Yaliyobaki yatose kwenye maji yanayochemka, hesabu mpaka 20, yatoe uyatie kwenye maji baridi. Kuna sababu: ukali wa saumu hauko tayari ndani ya jani, unazaliwa pale unapoliponda, na moto unaua kile kinachouzalisha. Ukichemsha yote utapata uji wa majani usio na neno, ukiacha yote mabichi mumeo atalala sebuleni. Kisha yakamue. Yakamue kwelikweli, kwa kitambaa, maana maji yakibaki mafuta hayatashikana na majani.

Kaanga simsim nusu kikombe kwa moto mdogo bila mafuta mpaka inukie, isifike kahawia. Hii inashika nafasi ya zile mbegu za msonobari za Waitaliano, ambazo bei yake madukani kwetu inaweza kukulipia nauli ya kwenda Gulu kuifuata simsim yenyewe. Karanga pia zinafaa, ila zinavuta chakula chote kielekee kwenye mchuzi wa binyebwa. Usifanye kama nilivyofanya mimi, nikatia odii, ile siagi ya simsim na karanga, nikidhani narahisisha kazi kwa kuwa imeshasagwa. Ilikuwa tamu, lakini ilikuwa odii ya kijani.

Kinu au blenda? Neno pesto lenyewe linatokana na kuponda. Watu wa Genoa, kule Italia, walikuwa na kinu chao cha mawe kama sisi tulivyo na chetu cha mti. Kinu kinanipendeza zaidi kwa sababu majani yanabaki na uhai kidogo. Anza na chumvi na yale mabichi, fuata simsim, halafu yaliyochemshwa, mwisho jibini ngumu nusu kikombe iliyoparwa. Jibini ya gouda inayotengenezwa hapa hapa Uganda inatosha, tafuta iliyokaa muda mrefu. Mafuta ya alizeti theluthi mbili za kikombe, kidogo kidogo, kisha maji ya nusu limau. Ukitumia blenda, bonyeza na kuachia, usiiache ivume. Ikipata joto, kijani kinafifia, na kama umetia mafuta ya zeituni yanaweza kugeuka machungu.

Kuna aliyeshauri kuongeza kivumbasi, kile Waganda wanachokiita mujaaja, ati ni ndugu wa rehani, jani la pesto ya Waitaliano. Ni ndugu kweli, ila ni ndugu mkali. Niliweka kiganja kimoja, nikapata dawa ya kikohozi. Majani matatu, labda.

Hili la kuhifadhi naomba msilisome haraka. Saumu iliyozamishwa kwenye mafuta na kuachwa mezani ni hatari. Kuna bakteria wa udongoni, Clostridium botulinum, anayependa mahali pasipo hewa na pasipo uchachu, na chupa ya pesto ni mahali hapo hapo. Sumu yake haina harufu wala haibadilishi rangi. Weka kwenye friji siku tatu, nne mwisho. Zaidi ya hapo gandisha kwenye trei ya barafu, kila kipande kinatosha sahani moja. Mwaka jana umeme ulikatika kwetu Ijumaa ukarudi Jumapili, na nilikuwa na chupa mbili. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Busia, akafungua, akanusa. "Mwanangu, unamwaga chakula? Mbona hakijachacha?" Nilimwaga mbele yake. Hakunisemesha mpaka jioni, na nitamwaga tena ikibidi.

Kuhusu kula nayo. Tambi ndiyo njia yake ya kwanza: kabla ya kumwaga maji ya tambi, teka kikombe kimoja. Zima moto ndipo uchanganye pesto, ukilegeza kwa maji hayo. Usiirudishe jikoni ichemke, jibini itafanya madonge. Kule Liguria, mkoa wa Genoa, tambi hizo huchemshwa pamoja na viazi na maharage mabichi ya maganda, na mimi naona hiyo ilitungwa kwa ajili yetu: viazi vya Kabale, maharage ya Nakasero, hata tambi ukikosa hujapungukiwa.

Mihogo ya kuchemsha ikiwa bado moto, ukaipaka juu, hapo nyumba nzima inanyamaza. Ngege (sato) wa kuchoma naye anaipokea vizuri, ila punguza chumvi. Kwa roleksi, paka chapati upande wa ndani kabla ya kulaza mayai na kukunja. Watoto wangu siku hizi hawataki ile ya nyanya na kabichi. Juu ya matoke sikufanikiwa. Mama mkwe, yule yule, alitazama sahani akaniuliza kwa upole kama hiyo ni ya kula au ya kupaka magoti. Ila mihogo aliomba aongezewe.

Gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, msijaribu. Nimeshajaribu kwa niaba yenu wote.