Camel Up: mchezo wa ngamia ninaoushauri kwa nyumba yoyote yenye ndugu wengi

Kama kwenu ndugu wakikusanyika sikukuu mnakula, mnashiba, halafu baada ya nusu saa kila mtu kainamia simu yake, basi soma hii mpaka mwisho maana kuna mchezo nataka kukushauri na nina uhakika nao. Unaitwa Camel Up. Ni mbio za ngamia, nyie wachezaji hamna ngamia wenu, nyie ni watazamaji mnaobeti nani ataongoza na nani atabaki nyuma. Na kwa maoni yangu hamna mchezo mwingine wa ubaoni ambao unaweza kumweka mezani bibi, mtoto wa darasa la tatu na shemeji mhasibu anayependa kupiga hesabu za kila kitu, na wote watatu wakapiga kelele kwa furaha dakika ile ile.

Aliyeubuni ni Steffen Bogen wa Ujerumani. Ulitoka 2014 na mwaka huo huo ukachukua Spiel des Jahres, ile tuzo ya mchezo bora wa mwaka inayoheshimika kuliko zote kule kwao, mbele ya michezo ya Splendor na Concept. Mwaka 2018 likatoka toleo la pili lenye mabadiliko kadhaa, na hilo ndo nalolizungumzia hapa zaidi kwa sababu ndo tunalocheza nyumbani. Niliagiza kwa ndugu aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya, maana madukani huku kwetu sijawahi kuliona, ila hilo lisikukatishe tamaa, huko chini nitaeleza jinsi ya kulitengeneza mwenyewe kwa vitu ambavyo karibu vyote unavyo.

Kwanini huu na sio mwingine? Sababu yangu kubwa ni kwamba ukishaelezwa sheria hamna cha kusoma. Ni rangi na namba tu. Codenames kwa mfano ni mchezo mzuri sana wa vikundi, naupenda, lakini kadi zake zimejaa maneno ya Kiingereza na unataka uone uhusiano wa maneno haraka haraka, sasa mama mkubwa ambaye Kiingereza sio lugha yake ya kila siku anaishia kuangalia wenzake wakicheza, na mimi hicho kitu kinaniuma kwa sababu yeye ndo kawapikia wote. Monopoly nayo ukifilisika umetoka, unakaa pembeni saa nzima kusubiri wenzio wamalize. Kwenye Camel Up hamna anayetolewa. Hata uwe umebakiwa na sarafu mbili bado zamu yako ikifika una la kufanya, na bado unaweza kuokota sarafu za mwisho zikakurudisha juu.

Sasa unavyokwenda. Katikati ya ubao kuna piramidi, na kuizunguka kuna njia ya hatua 16. Ngamia wa mbio ni watano: wa bluu, wa njano, wa kijani, mwekundu na wa zambarau. Kila mmoja ana dadu ya rangi yake ndani ya piramidi, na dadu hizo zina 1, 2 na 3 tu. Zamu yako ikifika unafanya jambo moja kati ya manne. Unaweza kutikisa piramidi ikatema dadu moja, ngamia wa rangi hiyo akatembea, na wewe ukapata sarafu moja. Unaweza kuchukua tiketi ya ngamia unayedhani ataongoza raundi hii ikiisha, yaani dadu tano zikishatoka. Unaweza kuweka kibao chako cha mtazamaji njiani. Au unaweza kubeti kwa siri nani atashinda mbio nzima au nani atakuwa wa mwisho kabisa. Basi, ni hayo tu, zamu ya mtu haichukui hata sekunde ishirini kama sio shemeji.

Utamu wenyewe upo hapa: ngamia wakikutana kwenye hatua moja wanapandana. Anayefika anakaa mgongoni kwa aliyemkuta, na wa chini akitembea anawabeba wote waliopo juu yake. Na wa juu ndo anahesabika yupo mbele. Yaani ngamia anaweza asiwe amefanya chochote, dadu yake imelala ndani ya piramidi, na bado akabebwa mpaka mbele ya wote. Fikiria ngamia watatu wamepandana na dadu zao zote hazijatoka: akitoka wa chini kwanza kwa 3, akafuata wa kati kwa 3, halafu wa juu kwa 3, yule wa juu kasafiri hatua 9 kwenye raundi moja. Hapo ndo watu wanasimama kwenye viti.

Toleo la pili limeongeza ngamia vichaa wawili, mweusi na mweupe, ambao wanatembea kinyumenyume. Wakikutana na wenzao wanabebana vilevile, kwa hiyo anayeongoza anaweza akajikuta kapanda mgongo wa kichaa na anarudishwa alikotoka. Mara ya kwanza kuona hili watu hawaamini. Wenyewe vichaa hawahesabiki kwenye nafasi, kazi yao ni kuvuruga tu, na wanaivuruga kweli.

Nije kwenye ushauri wenyewe, maana mtu akisikia dadu anadhani ni bahati tupu. Bahati ipo nyingi, sikatai, lakini anayejua kuangalia ubao atamshinda asiyeangalia mara nyingi tu.

La kwanza, tiketi za raundi zinapungua thamani. Wa kwanza kuchukua tiketi ya ngamia fulani anapata ya 5, anayefuata ya 3, halafu 2 na 2. Ngamia huyo akiongoza mwisho wa raundi unalipwa namba iliyoandikwa, akiwa wa pili unapata sarafu 1, akiwa popote pengine unapoteza 1 tu. Ukitazama vizuri utaona hasara ni ndogo na faida ni kubwa, kwa hiyo kuogopa hakulipi. Wageni wengi wanatikisa piramidi zamu baada ya zamu kwa sababu sarafu moja ni ya uhakika, wanajiona wako salama, halafu mwisho wa mchezo wanashangaa kuachwa mbali. Kila unapotikisa unampa habari mwenzako anayefuata kabla wewe hujazitumia. Mimi natikisa pale tu ambapo ubao hauniambii kitu, au pale ambapo nataka raundi iishe haraka kwa sababu tiketi zangu zimekaa vizuri.

La pili, hesabu kilichobaki ndani. Dadu ambazo zimeshatoka zipo mezani mbele ya macho ya kila mtu, kwa hiyo unajua nani bado hajatembea. Tuseme wa bluu anaongoza na ameshatembea, wa kijani yupo hatua mbili nyuma yake na hajatembea, vichaa wako mbali. Dadu ya kijani ikitoka, akipata 1 anabaki nyuma, akipata 2 anampanda wa bluu mgongoni na kuongoza, akipata 3 anampita. Mara mbili kati ya tatu kijani anashinda. Lakini ngoja, ndani ya piramidi kuna dadu sita, tano za rangi na moja ya kijivu ya wale vichaa, na raundi inaisha zikishatoka tano. Moja inabaki ndani siku zote. Kama zimebaki ya kijani na ya kijivu na inatakiwa itoke moja tu, basi kijani ana nusu ya nafasi ya kutembea, na kwenye hiyo nusu ndo ana mbili ya tatu, kwa hiyo jumla ni moja ya tatu. Watu wanasahau hili kabisa, wanabeti kama vile kila ngamia lazima atatembea. Ukilikumbuka wewe peke yako mezani umeshawatangulia.

La tatu ni dau la mwisho wa mbio. Hapa unaweka kadi yako kifudifudi, na wa kwanza kubashiri sahihi analipwa 8, wa pili 5, kisha 3, 2 na 1, aliyekosea anatoa 1. Wengi wanasubiri mpaka waone kwa uhakika, na wakati huo tayari kuna watu watatu mbele yao. Ushauri wangu, angalia sana upande wa ngamia wa mwisho. Anayeongoza hubadilika ovyo kwa sababu ya kupandana, ila yule aliyeachwa peke yake nyuma hana wa kumbeba, anategemea dadu yake tu. Mbio zikifika katikati na kuna mmoja kaachwa hatua tano sita nyuma ya wenzake, weka kadi yako pale mapema wakati watu wote wanang'ang'ania mshindi.

Kibao cha mtazamaji kina pande mbili, kushangilia ambapo ngamia anayetua anaenda hatua moja mbele, na kuzomea ambapo anarudi moja na kuingia chini ya aliowakuta. Kila kinapotuliwa mwenye kibao anapata sarafu 1. Usikiweke mbali, kiweke hatua mbili au tatu mbele ya pale walipojazana.

Kuhusu idadi ya watu, boksi linasema 3 mpaka 8. Kwa watatu kiukweli unachezeka ila haunogi, kelele hazitoshi. Watano mpaka saba ndo penyewe. Mkiwa nane ujue kwamba raundi nzima inaweza kuisha kabla zamu yako haijarudi, kwa hiyo mipango ya raundi inakuwa migumu na yale madau ya mwisho wa mbio yanakuwa na maana zaidi kwako. Mchezo mzima ni kama nusu saa mpaka dakika arobaini na tano, na karibu mara zote nikidhani tumemaliza mtu anasema turudie.

Ukitaka kuwafundisha wageni, nakuomba usiwasomee sheria zote. Waambie ngamia wanapandana, wa juu ndo yupo mbele, waonyeshe tiketi na piramidi, chezeni raundi moja. Ya kibao na dau la mwisho waeleze raundi ya pili ikianza. Bibi yetu hakuhitaji zaidi ya hapo, na siku hizi ndo anayewaeleza wajukuu.

Kuna jambo lazima niliseme wazi kwa sababu najua familia zetu. Huu mchezo umejengwa juu ya kubeti, na kuna nyumba ambazo neno hilo peke yake halikubaliki, iwe kwa dini au kwa sababu kuna kijana ndani anayeteketeza hela kwenye mikeka. Sarafu ni za kwenye boksi, hamna hela ya mtu inayoguswa, lakini muulize mwenye nyumba kabla ya kuufungua, na akisema hapana mheshimu. Na nyie mnaocheza, msije mkaweka hela halisi hata mia tano, tena hasa mbele ya watoto. Mkiweka hela zile kelele za furaha zinageuka kununa, na mchezo wenyewe unakuwa kitu kingine kabisa ambacho mimi siwezi kukishauri.

Haya, kwa wasio na boksi. Chukua karatasi ya manila uchore njia ya duara yenye nafasi 16. Ngamia ni vizibo vitano vya soda, vipake rangi tofauti, vinapandana vizuri tu. Badala ya piramidi tumia kimfuko chochote kisichoonyesha ndani, weka vikaratasi vitano vya rangi zile zile vilivyokunjwa sawasawa, chomoa kimoja kujua ngamia gani anatembea, halafu rusha dadu ya ludo: 1 na 2 ni hatua moja, 3 na 4 ni hatua mbili, 5 na 6 ni hatua tatu. Kikaratasi kilichotoka kiache mezani, usikirudishe mpaka vyote vitano vitoke, hapo raundi imeisha mnalipana. Tiketi kata kwenye boksi la biskuti, kila rangi uandike 5, 3 na 2. Sarafu ziwe punje za mahindi au kete za bao, kila mtu aanze na 3. Kabla ya kuanza, chomoa na rusha kwa kila ngamia kujua anaanzia nafasi ya 1, 2 au 3. Hivi ndivyo toleo la 2014 lilivyokuwa, dadu zote tano zinatoka na hamna vichaa, hesabu zake ni nyepesi zaidi kwa wanaoanza. Mkishazoea ongezeni vizibo viwili, cheusi na cheupe, wa kuanzia mwisho wa njia kuja kinyume, na kikaratasi cha sita kimfukoni kwa ajili yao, kikitoka mnarusha shilingi kujua ni nani kati yao anatembea.