Bibi anasema nilale, daktari anasema nikanyage

SWALI: Shikamoo Mama. Nilianguka na bodaboda, muundi wa kulia ukavunjika. Nimefungwa hogo, sasa wiki ya nane. Daktari ametazama picha, kaniambia nianze kuukanyagia mguu. Bibi kakataa katakata: mfupa ni kama saruji, hauguswi mpaka ukauke. Nimfuate nani?
Kijana wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Bibi hajakosea kwa yote. Wiki za mwanzo pale palipovunjika huzibwa na kitu laini mithili ya gegedu, na kikitikiswa mno hakigeuki mfupa. Nimewapokea waliojivulia hogo nyumbani wakarudi na mguu unaopinda mahali pasipo na goti.

Ila saruji haijui imebebeshwa nini. Mfupa unajua. Ndani yake mna chembe hai zilizozama kwenye vishimo, zimeunganishwa kwa vifereji vyenye majimaji. Ukikanyaga, mfupa hujikunja kidogo mno, majimaji yakasukumwa, chembe zikahisi na kuagiza: hapa ongeza, pale punguza. Mjerumani Julius Wolff hakuyajua hayo ya chembe, lakini mwaka 1892 alishaandika kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba. Wanaanga, wanaoelea bila uzito, wasipofanya mazoezi ya kutosha hupoteza takriban asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Na hao hawajavunjika popote!

Sasa, kukanyaga si kuruka. Azima mizani ya kupimia uzito wa mtu. Kando yake weka ubao wa kimo kilekile. Mguu usiovunjika juu ya ubao, uliovunjika juu ya mizani, magongo mkononi. Gandamiza polepole mpaka mshale ufike kiasi ulichopewa na daktari. Wengi huanzia kilo 15 au 20. Tulia hapo, unyayo ukariri. Usijiamini kwa kukisia: wagonjwa wangu waliapa wanakanyaga kilo 20, mshale ukasoma 45. Daktari akikuruhusu kuongeza, ongeza.

Maumivu ya kuvuta yanayokwisha ukikaa, yavumilie. Yakichoma palepale palipovunjika, vidole vikifa ganzi, au shavu la mguu likivimba na kuuma, usingoje kliniki ya wiki ijayo, rudi siku hiyohiyo.

Bibi mkalishe karibu awe msoma mshale. Nimeshawapa kazi hiyo mabibi wengi, nao huwa wakali kuliko mimi.