Kukimbia alfajiri na kula matunda Jambiani

Ndugu, umeuliza ukimbie saa ngapi Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, Zanzibar, na matunda gani ule bila kuchafua tumbo.

Uliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi, maana saa hubadilika: kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Maji yakiwa yamejaa utabaki kwenye mchanga laini ulioinama, mguu mmoja chini mwingine juu, na goti ndilo litakalolalamika. Kimbia yakiwa yametoka, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, na urudi kwa njia ileile ili miguu ipokezane mteremko. Vaa viatu. Usiingie mashamba ya mwani: vijiti na kamba havionekani vizuri alfajiri, na ni jasho la kina mama wa pale. Ukipita kijijini, fulana na bukta ya magotini, tafadhali.

Nusu saa kabla, ndizi kisukari moja au mbili zinatosha. Fenesi liache mpaka baadaye, linajaza tumbo gesi. Ukirudi, kunywa dafu pamoja na maji ya kawaida, na kifungua kinywa kiwe na chumvi kidogo. Dafu lina potasiamu nyingi lakini halirudishi chumvi yote ya jasho.

Nunua matunda mazima, osha kwa maji salama, menya mwenyewe. Yaliyokwisha katwa ndiyo huharisha wengi: kisu, maji na nzi. Chungwa la kijani usiliogope, huku huiva hivyohivyo. Nanasi linuse kitakoni; lisiponukia, liache. Shokishoki lipasue ganda katikati kwa kucha, uzungushe, nusu itoke kama kifuniko. Kabla ya kupasua fenesi paka kisu na viganja mafuta ya kupikia, la sivyo utomvu hautoki kwa sabuni.