Springi Kwanza, Ekzosi Baadaye: Ushauri kwa Anayejitengenezea Gari Nyumbani Mombasa

Vijana wengi wanaoniuliza habari za magari huanza na sauti. Wanataka ekzosi inayonguruma, kisha gari lishuke chini kidogo, basi. Mimi huwageuzia mpango: springi na shokomzoba kwanza, ekzosi mwisho, na kabla ya yote mawili chukua tochi ulale chini ya gari. Hapa kwetu chumvi ndiyo inayoamua kazi itakwendaje.

Gari linalolala Nyali, Bamburi au Likoni linapigwa na upepo wa bahari usiku kucha. Isitoshe, mengi ya magari yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, mengine yakikaribia miaka 8 ambayo ndiyo mwisho wa umri unaoruhusiwa kuingizwa Kenya. Yaliyotembea kaskazini mwa nchi ile yamepita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia theluji, kwa hivyo kutu yao ilianza kabla hayajaiona bandari ya Kilindini. Gonga kwa bisibisi pale springi inapokaa, mikono ya magurudumu ilipofungwa, na kila kiungo cha bomba la moshi. Sauti ikiwa kavu na ngumu, endelea. Bisibisi ikizama au magamba yakidondoka kwenye kiti cha springi, simamisha kila kitu umtafute mchomeleaji anayejua bodi, maana hakuna springi mpya itakayokufaa juu ya chuma kilicholiwa.

Gari langu ni Toyota Fielder, injini ya 1NZ ya lita 1.5, na kazi zake nyingi nimezifanya mwenyewe uani. Ua wa mchanga, kama zilivyo nyua nyingi za Kisauni, ni hatari ambayo watu hawaifikirii. Jeki juu ya mchanga huzama upande mmoja polepole, wewe huku uko chini. Tandika ubao mnene na mpana, juu yake jeki, halafu gari likalie stendi mbili za chuma, nazo pia ziwe juu ya ubao. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa kufungua nati moja. Na ukiinua nyuma, usitegemee breki ya mkono, kwa sababu inashika magurudumu yale yale uliyoyainua. Zuia ya mbele kwa mawe makubwa, mbele na nyuma ya tairi.

Sasa springi. Mtaani kuna njia ya mkato: grenda inawashwa, mzunguko mmoja au miwili unakatwa, gari linashuka siku hiyo hiyo. Nakusihi ukatae. Kwenye Fielder yangu, ya kuvuta mbele, springi ya nyuma haikuungana na shokomzoba. Imekaa peke yake, imeshikwa na uzito wa gari. Ncha yake iliundwa ilale vizuri kwenye raba. Ukiikata, ncha haina pa kulala, na gari likiruka tuta gurudumu likaning'inia, springi inacheza na inaweza kuchomoka. Tena springi iliyofupishwa inakuwa ngumu zaidi huku nafasi yake ya kushuka imepungua, hivyo shokomzoba inafanya kazi karibu na mwisho wake, inagonga, na haichelewi kuvuja mafuta. Wanaochoma springi kwa gesi mpaka ilegee ndio wanaonitisha zaidi. Moto ule unaua ugumu ambao chuma kilitiwa kiwandani, na springi hiyo inaweza kukatika ukiwa kasi kwenye barabara ya Malindi.

Ukitaka kushusha, nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako, na usizidi sentimita 3. Anayevuka Likoni ananielewa. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mteremko wa kuingilia feri unakuwa mkali, na gari lililo chini sana linasugua bampa ya mbele likiingia na ekzosi likitoka. Mvua za masika zikija na barabara kujaa maji, kila sentimita uliyoiondoa utaitafuta. Kwa kweli wengi wetu tungefaidika kuinua gari kidogo kuliko kulishusha. Speisa, yaani vipande vya kuinulia springi, za sentimita 2 au 3 zinatosha. Ukizidisha, shafti za magurudumu ya mbele zinakaa kwa pembe mbaya na jointi zake zinakwisha mapema.

Shokomzoba ya mbele imevikwa springi, na hapo ndipo nyumbani pana mpaka. Ile nati ya juu kabisa, katikati, usiiguse kabla springi haijabanwa kwa kibano chake. Springi iliyobanwa ikifyatuka inavunja taya. Mimi huondoa shokomzoba nzima pamoja na springi yake, nikaipeleka kwa fundi mwenye kibano cha mezani, akabadilisha, nikarudi nayo nyumbani kuifunga. Kazi yote iliyobaki ni yako na ada yake haiumizi. Badilisha kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavuta upande ukifunga breki. Ukifungua, usiache breki ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ifunge kwa waya kwenye springi au chasisi.

Jambo moja mafundi wengi wa haraka hulipuuza, nami naliona ndilo linaloua bushi mpya: boliti za mikono ya magurudumu zenye bushi, yaani vile vipande vya raba kwenye maungio, zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, raba inashikwa katika hali hiyo, gari likishuka inajisokota, na inabaki imejisokota kila unapoendesha mpaka ichanike. Weka magurudumu juu ya vibao upate nafasi ya kuingiza spana, halafu kaza. Nati za magurudumu za Toyota hizi ni nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 103. Spana ya kupimia nguvu ni ya kununua, si anasa. Baada ya hapo peleka gari alaimenti siku hiyo hiyo, kwa sababu urefu ukibadilika na mwelekeo wa matairi hubadilika, na matairi yataliwa upande wa ndani usikoona. Rekebisha taa za mbele pia.

Boliti za kutu zimwagie mafuta ya kupenyeza usiku wa kuamkia kazi, kisha asubuhi tena. Za ekzosi ndizo sugu kuliko zote. Ukizifunga upya, zipake grisi ya shaba isiyoungua kwa joto, na gasketi iwe mpya kila mara.

Tukija kwenye ekzosi yenyewe, nataka nieleweke vizuri. Injini ndogo isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) haipati nguvu ya kuhisika kwa kubadilishiwa sailensa ya nyuma tu. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi unapoteza kasi, na gari linakuwa zito kuondoka, jambo utakaloliona kila siku kwenye msongamano wa Buxton. Na ule mngurumo wa Subaru za tabo za zamani ambao kila mtu anautaka hautoki kwenye sailensa. Unatoka mbele, kwenye mabomba ya manifoldi, yale yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, ambayo upande mmoja wa injini ni marefu kuliko mwingine, mipigo ikafika bila mpangilio sawa. Corolla ukiifunga mkebe mkubwa itatoa kelele, haitatoa sauti ile.

Katalisti, kile kifaa cha kupunguza sumu kwenye bomba la moshi, iache mahali pake. Anayekuambia kwamba inaziba tu na ni bora iondolewe, mara nyingi yeye mwenyewe anaitaka: ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa. Ukiitoa, sensa ya nyuma inawasha taa ya injini, na wanaotembea nyuma yako wanavuta sumu.

Sumu inanipeleka kwenye jambo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote hapa. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na kiungo kinachovuja chini ya kiti cha mtoto hakikupi onyo. Ukimaliza kufunga, washa injini ingali baridi, mwenzako azibe mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene, wewe usikilize kila kiungo na kukimwagia maji ya sabuni. Povu likitoka, fungua uanze upya. Fanya hivyo uwanjani, si ndani ya gereji iliyofungwa. Na kabla ya kuchomelea chochote, ondoa waya hasi wa betri na ujue tangi la mafuta liko wapi. Binafsi nyumbani nafunga kwa boliti tu, kuchomelea nampelekea fundi.

Kelele pia ni suala la sheria. Gari kuwa na sailensa ni sharti chini ya Sheria ya Trafiki, Sura 403, na kuna kanuni za mazingira za mwaka 2009 kuhusu kelele. Lakini hata pasipo askari, vichochoro vya Mji wa Kale vinarudisha sauti maradufu, watu wako kwenye tarawehe, wagonjwa wamelala. Wana haki yao.

Ukinunua bomba, chuma cha pua cha daraja la 304 kinahimili chumvi kuliko cha 409, ingawa bei yake inakaza. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha kiache. Na ujue kwamba sailensa huoza kutoka ndani: safari fupi za Tudor hadi mjini hazilipashi bomba joto la kutosha kukausha maji yanayotokana na moshi. Mara moja kwa wiki lipeleke gari mpaka Mtwapa na kurudi, likipoa ulioshe chini kwa maji matamu.